Viatu Vinavyotazama Ndani

Rehema mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na hali yako naijua kwa kukutazama tu, kwa hiyo sikuulizi. Umekwenda Mwankoko kumwambia bibi yako kwamba huendi tena. Nimekuona unavyokatiza shamba la alizeti, kanga ya kichwani imekaa upande, nikajua umekasirika hata kujifunga umeshindwa. Nataka niwe nimemaliza kuandika kabla hujarudi. Ungekuwa mtu mwingine ningekusubiri nikwambie kwa mdomo, lakini ukinikazia hayo macho yako ya kiualimu maneno yananirudi tumboni.

Utakwenda kesho. Nalitanguliza hilo ili usisome barua hii ukidhani nakubembeleza ubaki. Begi ulilolimwaga kitandani nimelipanga upya. Basi la Mbeya halimsubiri mtu, na ukipitisha Jumatatu bila kuripoti, nafasi yako ya kufundisha kwenye kile kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu atapewa mwingine. Umeuza vitunguu kando ya barabara kuu na cheti chako kiko kwenye bahasha juu ya kabati, unaingoja ajira hii. Usinitafutie ugomvi juu ya jambo hilo.

Mambo ya ule vizuri, usimkopeshe mtu sufuria, usiache kumwamkia mzee hata kama hakuitikii, hayo nimekuimbia tangu unanyonya na sitapotezea wino. Ninalotaka kuandika ni juu ya mdogo wako Shabani, na juu yangu. Kesho baba yako mkubwa Athumani anakuja na vijana wawili wa kumshika. Amesema mbele yetu sote kwamba atampeleka Kintinku, kwa yule mganga anayewafunga watu miguu kwenye gogo mpaka watulie. Wewe ukasema kama ni hivyo huondoki. Kwa hiyo kesho, kwenye uwanja huu mmoja, patakatwa maneno mawili kwa pamoja, na yote mawili yameharibika kwa ajili ya jambo moja ambalo wewe hulijui. Nitalifikia. Nikianza nalo utaikunja barua hii usiimalize.

Nianze na baba yenu. Alipotaka kwenda Mitundu kutafuta riziki, tulikubaliana aondoke alfajiri Shabani akiwa amelala. Shauri lilikuwa langu. Shabani alikuwa mdogo, na kwa kuwa hasemi, kilio kilikuwa ndiyo mdomo wake. Akimwona baba yake anashika mfuko analia mpaka anatapika, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia baba yenu, "Toroka tu, atasahau." Akatoka kabeba viatu mkononi ili visilie kwenye mawe.

Shabani alipoamka alikwenda mlangoni. Akakaa pale viatu vya baba yake vilipokaa kila siku, akapapasa chini kwa viganja. Nilimwona. Nikadhani anachezea mchanga, nikamwita aje anywe uji. Baba yenu aliolea hukohuko, hilo unalijua na sina la kuongeza.

Viatu vya kwanza kuingia kwenye shimo la choo vilikuwa vya mjomba wako Idi. Alikuwa amekuja kutusalimia, kavivua mlangoni kama mtu yeyote mwenye adabu, na alipoinuka kuaga havikuonekana. Nilitaka kufa kwa aibu. Mgeni akipoteza viatu nyumbani kwako utafanyaje? Utaomba radhi, na kwetu huku radhi haiombwi kwa mdomo mtupu. Nikakamata jogoo. Mtu akatumwa kwa jirani kuazima ndala, na mpaka ndala zije na jogoo aive, mjomba aliyeaga asubuhi aliondoka jua limeinama. Shabani alishinda amemwegemea, ana mchuzi mpaka kwenye nyusi. Nikasema mtoto huyu hana haya hata kidogo.

Tukaenda hivyo miaka, yeye anatupa, mimi nachinja. Nilimchapa, na mkono wangu wewe unaujua. Nilimnyima chakula. Nilimvalisha hirizi ambayo nayo aliitupa chooni, nikamchapa kwa ajili ya hirizi. Halafu nikajifanya mjanja, nikaanza kuficha viatu vya wageni kwenye pipa la mahindi. Hapo ndipo shangazi yako Mwanaidi aliposimama kuaga, Shabani akazunguka mlango mzima akitafuta cha kutupa, hakukiona, akaushika mkono wa shangazi akaung'ata mpaka damu. Kovu analo hadi leo. Tangu siku hiyo baba yako mkubwa hakuliita tena tabia, aliliita kichaa. Methali yake moja unaijua, "Mchelea mwana kulia hulia yeye," na fimbo yake moja unaijua.

Nimelifikiria sana lile jino. Nilikuwa nimemnyang'anya mtoto neno lake pekee bila kumpa lingine, naye akatafuta lenye makali zaidi. Huko uendako watakuletea watoto wanaouma, wanaotemea watu mate, wanaojipiga vichwa ukutani, na kila mzazi atataka umwambie namna ya kulikomesha. Mimi nililikomesha. Ukutane na shangazi yako akuonyeshe mkono.

Kisha ukaja likizo kutoka chuoni na maswali yako. Nilikuwa nimekaa jikoni nanyonyoa kuku wa kuomba radhi, viatu vya mwenyekiti wa kitongoji vikiwa vimezama asubuhi ile, wewe ukachuchumaa mbele yangu.

"Mama, kabla hajatupa, kunakuwa kunaendelea nini?"

"Kunaendelea ujinga wake."

"Hapana, kweli. Mwenyekiti alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaaga. Mtu anakuja, anakaa, anaaga. Au huko chuoni wanalala hukohuko walikotembelea?"

"Na akishatupa, anapata nini?"

"Anapata fimbo."

"Na baada ya fimbo?"

Nikamtazama yule kuku niliyemshika mkononi.

Nilikukasirikia siku ile. Nilijiona nahojiwa na polisi jikoni kwangu. Nikakwambia una mambo ya vitabu, na kwamba mtoto nimemzaa mimi. Wewe ukaacha, ukala zako, halafu wakati wa kuosha vyombo ukaniuliza, polepole kabisa, ni viatu vya nani ambavyo Shabani hajawahi kuvitupa. Nikafikiri. Vyangu vimezama. Vyako vimezama. Vya mjomba, vya mwenyekiti, vya yule mama wa kikundi anayempa pipi. Ila vya baba mkubwa Athumani, ambaye huja kila Ijumaa akitoka msikitini na kutusema mpaka chai inapoa, havijawahi hata kuingia vumbi. Ijumaa iliyofuata ukanivuta dirishani. Shabani alikuwa amechuchumaa mlangoni. Akavishika viatu vya baba yake mkubwa, kimoja kimoja, akavigeuza pua zikatazama barabarani.

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Wewe uliacha kucheka kabla yangu. Ukasema, "Mama, huyu anajua anachosema siku zote. Anaowapenda anawazuia, baba mkubwa anamfungulia njia." Nami nikaukumbuka ule mkono unaopapasa chini mlangoni, nikaingia ndani ili usinione.

Hukumnyang'anya kitu. Ulimpa njia nyingine ya kusema lilelile. Ukitaka kutoka unamwita aone, unavaa viatu mbele yake, unamwachia ndala yako moja kuukuu aishike. Ukirudi anakuvalisha mwenyewe. Ulianza kwa kwenda kisimani tu, pale anapokuona. Halafu gulioni. Halafu ukalala mjini Singida, naye akalala na ile ndala kifuani. Alilia, sisemi hakulia. Lakini hakutupa. Hata wageni wakaanza kumwachia kitu, huyu leso, huyu kofia, na mimi kuku wangu wakaanza kuzeeka. Ndipo ajira yako ikatoka.

Sasa nimefika, Rehema.

Vile viatu vyeusi ulivyonunua mnadani kwa ajili ya kuripoti havikutupwa. Viko chini ya kitanda changu, nimevizungushia kitenge cha zamani. Nilivitoa mlangoni jana magharibi, wewe ukiwa unakunja nguo. Nilijiambia navikinga na Shabani, maana akili ya mtu ni fundi wa kumtengenezea mwenyewe udhuru.

Leo asubuhi ulipoanza kuvitafuta nilikuwa nimeshika birika, baba yako mkubwa ameshakaa kwenye kiti. Nikafungua mdomo niseme, nikasikia unasema, "Shabani, jamani Shabani, hata leo?" Sauti yako ilivunjika katikati. Mdomo wangu ukajifunga. Baba yako mkubwa akasema, "Si mlisema amepona na hiyo ndala yenu?" Halafu ukafunika uso ukaanza kulia, kwa hiyo hukuona kilichofuata. Mimi nilikiona.

Shabani alikwenda chooni. Baba yako mkubwa akamwonyesha kwa kidole, "Mnamwona? Mwizi anarudi alikoficha." Hakurudi alikoficha. Aliinama juu ya shimo akachungulia, akachungulia tena. Alikuwa anavitafuta, mwanangu. Aliona unalia kwa ajili ya viatu, naye anajua viatu vikipotea nyumba hii vinakuwa wapi, akaenda kukuangalizia. Akatoka, akasimama mbele ya baba yake mkubwa, akafungua viganja vyote viwili kuonyesha hana kitu. Fimbo ikampata mgongoni viganja vikiwa bado wazi.

Nilimwaga chai. Watu walidhani ni uchungu wa mama. Ilikuwa uoga wa mtu anayeweza kuizuia fimbo kwa neno moja na halisemi.

Ndipo lilipotoka lile la Kintinku, na wewe ukaingia ndani ukalimwaga begi. "Basi mimi siendi. Nikiondoka nani atasimama naye?" Ukalia juu ya nguo zako. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia kifua kinafunguka. Nilikwenda jikoni nikajikuta nautafuta unga nikusongee ugali, nafsi yangu imetulia kabisa, kama mtu aliyetoka sokoni amepata alichokifuata. Nilikuwa nimeshauchota unga nilipojiuliza ni kitu gani hasa nimepata.

Nikajiuliza yale maswali yako. Kabla yake kulikuwa na nini? Mtu alikuwa anaaga. Baada yake nilipata nini? Mtu amebaki. Wala sihitaji cheti. Wiki nzima hii nimekugombeza kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya pasi, kwa kuwa eti umecheka sana na simu. Wewe ukawa kila mara unaacha kufunga mizigo unakuja kunituliza. Ulidhani mama ana hasira. Ni kweli ninayo, haihitaji shahidi, lakini hasira hii ilikuwa na kazi yake. Tofauti yangu na Shabani ni kwamba yeye alitupa viatu mchana kweupe na akakubali fimbo yake. Mimi nilivificha, na fimbo akala yeye.

Nakupenda na sitaki uondoke. Ndilo neno lenyewe. Ningelisema hivyo tangu wiki iliyopita tungelia pamoja, tukanywa chai, ukafunga begi.

Mchana, ulipokuwa umejilaza, nilikwenda kwa baba yako mkubwa. Nilimwamkia, nikakaa chini kabla hajanikaribisha, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba viatu nilichukua mimi na mtoto amepigwa bure. Nilidhani atapiga kelele, na kelele zake nimezizoea. Akasema, "Shemeji, unamtetea mwanao, na kila mama hufanya hivyo." Nikamwambia aje avione chini ya kitanda. Akasema hana haja. Mkewe ndiye aliyemwambia, bila kuinua macho kwenye ungo wake wa mtama, "Lakini sheikh, kama hakutupa, amekosa nini?" Akakuna ndevu. Mwisho akasema neno ambalo naliandika kama alivyolisema: "Kesho nitakuja kama nilivyosema, na vijana wangu. Rehema ataondoka mbele ya macho yangu. Kijana akitulia, nitanywa chai nirudi. Akitupa kitu au akimuuma mtu, asiniite mtu yeyote kunilaumu."

Kwa hiyo hayo ndiyo tuliyonayo, mwanangu. Najua utakachotaka kufanya ukisoma hapa. Utataka uondoke alfajiri kabla Shabani hajaamka, usipatikane mtihani, baba mkubwa aje akute mtoto anakunywa uji. Nami nimelifikiria, nisikudanganye. Nimelifikiria mpaka nikasimama kuangalia kama komeo la mlango linalia. Halafu nikamwona baba yenu na viatu mkononi.

Usimtoroke. Akiamka akute pale mlangoni ni mahali patupu, sitakuwa na la kumpa, na vijana wa baba mkubwa watakuwa wanaingia uwanjani. Ondoka akiona. Ikiwa atalia, alie. Kulia si kutupa, na baba yako mkubwa nitamkumbusha maneno yake mwenyewe. Ikiwa atakushika, nitakuwa nyuma yake, na safari hii sitashika birika. Kama yatatushinda, wakataka kumgusa, watanikuta mlangoni, na wanajua mimi ni mtu wa namna gani nikisimama. Lakini wewe usigeuke. Ukigeuka ukarudi kwa sababu ameuma, utakuwa umechinja jogoo.

Nimemaliza hapo, nilikuwa nataka kutia jina langu. Ila kuna jambo limetokea sasa hivi na lazima nikuandikie.

Nilivitoa vile viatu chini ya kitanda, nikavipangusa, nikaviweka mlangoni mahali pake, pua zikitazama njia. Nilitaka ukirudi uvikute. Shabani alikuwa amekaa karibu na banda la kuku, mgongo bado unamuuma maana hataki kuegemea kitu. Akaviona. Akaja. Akachuchumaa akavichukua vyote viwili, akasimama navyo, na choo chetu unajua kilivyo karibu. Sikumwita. Nililiuma pindo la kanga. Nilijiambia kama akienda navyo aende, ni haki yake, leo amepigwa kwa ajili ya viatu hivi bila kuvigusa.

Alivinusa. Akainama, akavirudisha palepale, ila akavigeuza. Pua zikatazama ndani.

Nikasogea nikavigeuza, vikatazama njia. Akaniangalia, akavirudisha taratibu vitazame ndani, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemfundisha mgumu wa kuelewa. Halafu akakaa kando ya viatu. Sasa hivi ninapoandika bado amekaa pale, ndala yako kuukuu anayo mkononi, macho ameyakaza kwenye njia ya Mwankoko.

Hakuvitupa, Rehema. Amesema tu anachotaka, kama na mimi nilivyosema humu, na wala haimaanishi atapewa. Kesho baba yako mkubwa akishakaa, mwite Shabani, chuchumaa naye pale mlangoni, na uvigeuze wewe mwenyewe, yeye akiona.

Mimi sivigusi tena.

Mama yako